Kupanga madaraja ya michezo kati ya shule za umma na za binafsi

Marekani shule hugombana kuhusu kupangwa katika madaraja ya mashindano, yaani makundi ya shule kwa idadi ya wanafunzi. Kiini cha ugomvi ni eneo: shule ya umma kwa kawaida huchukua watoto wa mtaa wake, ya binafsi huchukua kutoka popote. Idadi sawa ya wanafunzi haimaanishi nguvu sawa.

Anza na idadi halisi. Shule ya wavulana au wasichana pekee, zidisha kwanza kwa 2, maana wote ni wa jinsia moja. Ukisahau hatua hii, shule hiyo itaangukia daraja la chini isivyo haki. Kisha, kwa shule ya binafsi, tumia kizidishi, yaani namba ya kuzidisha idadi ya wanafunzi wake: jimbo la Illinois liliweka 1.65 mwaka 2005. Shule ya binafsi ya mchanganyiko yenye wanafunzi 600 inahesabiwa 990. Ya wavulana 400 inakuwa 800, halafu 1,320.

Tatizo: kizidishi kimoja kinaiumiza shule ndogo ya kanisa isiyowahi kushinda. Ipe msamaha kwa kuangalia matokeo ya miaka kadhaa, na kwa kila mchezo peke yake. Njia ya jimbo la Ohio naiona ya haki zaidi: huhesabu wachezaji wenyewe na walikotoka. Ila inadai orodha sahihi za timu, zikaguliwe kabla ya kupanga madaraja.