Kabla ya Kuweka Mbegu, Jua Imezaliwaje

Wakulima wengi wa Kabare na Walungu, wanaolisha soko za Bukavu, huchagua mbegu kwa macho: gunzi nene, chungwa tamu. Macho hayatoshi. Mtoto atafanana na mama au la, hilo huamuliwa ndani ya ua.

Mahindi yana kromosomu 20, yaani nyuzi zinazobeba jeni za kurithi. Chavua, vumbi la kiume la ua, huleta 10, yai hutoa 10, na kila upande huwa umechanganya jeni zake upya. Kwa hiyo kila punje ya gunzi moja ni mtoto wa peke yake, na baba anaweza kuwa mmea wa shamba la jirani, kwa kuwa chavua hiyo hupeperushwa na upepo. Hapo ndipo mahindi chotara huwaangusha watu. Msimu wa kwanza shamba limelingana. Ukirudishia punje zake, marefu na mafupi yanachanganyika na mavuno yanashuka. Hujalogwa, wala muuzaji hakukuibia: jeni zimetawanyika. Chotara hununuliwa kila msimu. Ukitaka kujiwekea mbegu, panda aina isiyo chotara, umbali wa mita 200 hivi na mahindi mengine, au pishana na jirani wiki nne katika kupanda. Chagua magunzi ya katikati ya shamba, kutoka mimea mingi.

Maharage hayana taabu hiyo, maana ua lake hujichavusha lenyewe. Ogopa magonjwa tu: maganda yenye madoa meusi yaliyobonyea yasitoe mbegu.

Sasa mandarini. Loweka mbegu usiku kucha, menya ganda gumu kwa ukucha, kisha lile jembamba la kahawia. Katika aina nyingi utakuta viini kadhaa vya kijani vimebanana, kimoja kikubwa, vingine kama kichwa cha sindano. Vingi havina baba: vimeota kwenye nyama ya mama inayozunguka yai, na jeni zao ni za mama tupu. Ndiyo maana mbegu moja hutoa miche miwili au mitatu. Kitaluni, linganisha majani na ung'oe mche usiofanana na wenzake. Huenda ndio uliotokana na chavua. Ukikuta kiini kimoja tu, usitegemee kupata nakala ya mama. Na hata nakala hiyo, kuiacha izae yenyewe ni kujitafutia miiba mirefu na miaka mingi ya kungoja. Ifanye shina la kubandikia kikonyo cha mti unaozaa vizuri.

Kwenye malisho kuna kisa cha kwetu. Brakiaria, nyasi ya kulisha mifugo, aina ya ruziziensis imepewa jina la bonde la Ruzizi, huku chini kuelekea Uvira. Yenyewe huzaa kwa chavua na yai. Ndugu yake brizantha hutoa mbegu ambayo yai lake halijarutubishwa. Chavua husaidia kujenga akiba ya chakula tu. Watafiti waliongeza maradufu kromosomu za ruziziensis, wakaifanya mama, brizantha ikatoa chavua, ikapatikana Mulato: chotara ambayo mbegu zake hubaki zile zile. Mwaka 2018 watafiti wa California walitangaza kupata tabia kama hiyo kwenye mpunga, ingawa kwa sehemu tu ya mbegu. Mahindi yakifika huko, mkulima atapumua.

Mulato hiyo hujaza mbegu chache, kwa hiyo usingoje masuke. Mvua zikishika, ng'oa shina, ligawe vipande vyenye mizizi, punguza majani, upande siku hiyo hiyo.