Binti mwenye Rett: soma macho yake, halafu subiri

Wenye binti mwenye sindromu ya Rett (ugonjwa adimu unaovuruga ukuaji wa ubongo), msisubiri aseme. Wengi huanza vizuri, hata "mama" na "maji" wanatamka, kisha kati ya mwaka 1 na miaka 4 maneno yanapotea, na mikono inajisugua kama ya mtu anayenawa. Mara nyingi chanzo ni hitilafu kwenye jeni (chembe ya urithi) iitwayo MECP2. Hakuna aliyemroga.

Kunyoosha kidole humshinda, lakini macho bado yanafanya kazi. Shika kikombe mkono huu, ndizi mkono ule, usawa wa uso wake, uviachanishe. "Maji? Ndizi?" Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi tunaharibu: tunarudia swali wakati yeye ndiyo kwanza anapanga jibu. Hesabu kimoyomoyo hadi 20, hata 30. Akikazia macho kimoja, kitaje na umpe papo hapo, hata kama ulikuwa na hakika ana kiu.

Akishazoea vitu halisi, hamia kwenye picha. Bibi na dada wa kazi nao wafundishwe, maana ndio wanaoshinda naye kutwa.