Kabla hujaandika lebo ya kaktasi

Wateja wengi wanaofika kitaluni kwangu hapa Arusha wakiona miiba tu husema "kaktasi". Sasa, ukitaka kuupa mmea wako jina lake halali, anza kwa kutazama miiba inapochomoza. Kaktasi ina vidoa vyenye manyoya laini kama sufi, viitwavyo areoli, na miiba hutokea humo. Usipoviona, andika jina jingine. Euphorbia, kama ile miti mikubwa ya Bonde la Ufa, haina vidoa hivyo. Miiba yake mara nyingi hukaa miwili miwili. Ukiikata hutoa utomvu mweupe unaochoma, kwa hiyo vaa glavu na usiguse macho. Lakini usiamue kwa utomvu peke yake, maana baadhi ya kaktasi za Mammillaria nazo hutoa maziwa.

Wala miiba si sharti. Rhipsalis baccifera, kaktasi pekee yenye asili hata nje ya mabara ya Amerika, huning'inia kwenye miti ya misitu yetu, na ikikomaa kwa kawaida haina miiba.

Ukishapata familia, tafuta jenasi, yaani kundi la spishi (aina) zinazokaribiana ndani ya familia hiyo. Shina bapa la vipande vipande, lenye vimiiba vidogo mno vinavyong'ang'ania ngozini, ni Opuntia, yaani mpungate. Ushike kwa koleo. Vinundu vilivyojipanga, na maua yanayochomoza kati ya kinundu na kinundu, elekea Mammillaria. Ikiwa ni nguzo yenye mbavu, ngoja ichanue, kwa sababu jenasi nyingi zina umbo hilo.

Kwenye lebo andika jina zima: Opuntia ficus-indica (L.) Mill. Herufi L. ni Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliyeuita Cactus ficus-indica mwaka 1753, enzi alipoziweka kaktasi zote katika jenasi moja. Mill. ni Philip Miller, mtunza bustani wa Uingereza, aliyeuhamishia Opuntia mwaka 1768. Mabano yanatunza historia hiyo yote, ndiyo maana naumia nikiona watu wanayafuta.

Majina bado yanahama. Echinocactus grusonii, ile ya mviringo yenye miiba ya dhahabu, mwaka 2014 ilipewa jenasi ya Kroenleinia. Mimi huandika yote mawili, mteja aipate kwa lolote analolijua. Spishi usipoijua, andika jenasi kisha "sp.", na nyuma ya lebo andika mmea ulikotoka. Tumia penseli, wino hufutwa na jua.