Kuunganisha taa mbili zinazopokezana: pima rezista kabla ya kuchomelea

Wiki jana mpwa wangu alinijia hapa Kondele na bodi mkononi. "Mjomba, nimeweka kila kitu mahali pake, lakini taa hazipokezani." Nilipoziona zinavyowaka nilijua kasoro iko kwenye rezista, maana iliwahi kuninyima usingizi.

Ndani ya pakiti ya vifaa mna bodi, LED 2 nyekundu (ndizo taa zenyewe), transista 2 za BC547 (swichi za kuwasha na kuzima taa), kapasita 2 za mikrofaradi 10 (hutunza umeme kwa muda), rezista 2 za ohmu 470 (hupunguza umeme), rezista 2 za kiloohmu 47, yaani ohmu 47,000, na kishikio cha betri ya volti 9.

Hatua ya 1: Tenga rezista

Hapa usiharakishe. Ya ohmu 470 ina pete za manjano, zambarau na kahawia. Ya kiloohmu 47 ina manjano, zambarau na chungwa. Tofauti ni pete moja tu, kwenye kitu kinachokaribia punje ya mchele, na usiku chini ya balbu kahawia na chungwa hufanana kabisa.

Bodi yangu ya kwanza ilinikesheza. Taa zote mbili ziliwaka kwa pamoja, hafifu kama kaa linalozimika. Nilibadilisha transista, nikarudia kuchomelea kila mguu, nikaweka betri mpya. Asubuhi nilipotoka nayo juani, ndipo nikaona chungwa palipotakiwa kahawia. Rezista za kiloohmu 47 zilikuwa zimekaa kwenye njia ya LED, zikibana umeme. Za ohmu 470 zilikuwa zinalisha transista zote mbili mfululizo, hata moja isipate nafasi ya kuzima.

Kwa hiyo tumia mita ya kupimia ohmu. Najua mafundi wanaosema macho yanatosha. Sikubaliani nao, hasa kwa mtoto anayejifunza. Pete ya nne, ya dhahabu, inaruhusu tofauti ya asilimia 5: ya 470 isome kati ya ohmu 446 na 494, ya 47 kati ya kiloohmu 44.6 na 49.4. Usibane ncha zote mbili kwa vidole, mwili wako utaingia kwenye kipimo. Kila uliyopima ibandike kwenye karatasi, andika namba yake.

Hatua ya 2: Chomelea

Anza na rezista kwa kuwa zinalala chini. Pasi ya kuchomelea ya wati 30 inatosha. Yenye moto mkali hubandua shaba ya bodi. Gusisha ncha kwenye mguu na shaba kwa pamoja, kisha lete waya wa risasi wa kuchomelea. Kaa karibu na dirisha, na unawe mikono kabla ya kula.

Hatua ya 3: Vyenye upande

LED: mguu mrefu ni chanya. Kapasita: mstari ubavuni ni hasi. Transista: uso bapa ufuate mchoro. Usiweke transista ya S9014 badala ya BC547 bila kuigeuza, miguu yake imepangwa kinyume.

Hatua ya 4: Betri

Unganisha. Kila taa itawaka kama sekunde 0.3, kisha impishe mwenzake. Ukiweka kapasita za mikrofaradi 22, itakaa kama sekunde 0.7. Mpwa wangu anataka za 100, yaani zaidi ya sekunde 3, na Jumamosi tunakwenda kuzitafuta.