SOMO: Msako wa nguruwe pori mashambani na namna ya kurudi wote wazima

Wakulima wenzangu, habari za msimu.

Mahindi yanakomaa, mihogo imenenepa, na wageni wa usiku wameanza kuhesabu mashamba yetu. Huku kusini, kuanzia Rufiji hadi Kilwa, Liwale na Nachingwea, kundi moja la nguruwe pori likilala shambani kwako usiku mmoja, asubuhi unakuta chakula cha watoto kimefukuliwa na kutapakaa. Hasira ya mtu aliyelima kwa jembe la mkono naielewa kabisa. Lakini watu wanaumia na kufa katika kazi hii, na huumia kwa njia zilezile: kumfuata nguruwe aliyejeruhiwa kichakani, kupigwa risasi na mwenzake, na kukutana na simba aliyekuja kumwinda nguruwe huyohuyo. Somo lote linazunguka hayo matatu.

Hatua ya 1: Mjue unayemfuata

Simzungumzii ngiri, yule wa mchana anayekimbia mkia umesimama wima. Nguruwe pori hutembea usiku, mchana hulala kwenye kichaka kizito au matete, na akikimbia mkia hushuka. Mkubwa huweza kupita kilo 100. Chonge zake za chini husuguana na za juu kila anapotafuna, kwa hiyo hujinoa zenyewe siku zote na hukata kama wembe. Hapigi ovyo. Huinamisha kichwa, huja moja kwa moja, kisha hukupua kwenda juu. Kwa kimo chake, pigo hilo humpata mtu mzima kati ya goti na kinena, na ndani ya paja ndipo ulipo mshipa mkubwa wa damu. Ukikatika huo, mtu anaweza kuisha kwa dakika chache.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui: dume hawaachi watoto. Jike mwenye vitoto ni hatari, na dume wake naye husimama kuwatetea. Mkiona nyayo ndogondogo pamoja na kubwa, au mkisikia vitoto vikilia, rudini. Siku hiyo hakuna msako.

Hatua ya 2: Ruhusa kabla ya mkuki

Tanzania, mnyamapori si wa mwenye shamba hata akiwa ndani ya shamba. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali, na mitego ya nyaya, mashimo na sumu ni njia zilizokatazwa. Pelekeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji, naye aifikishe kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Akija askari mwenye bunduki halali na mafunzo, kazi yenu ni kumwonyesha mapito na kumsaidia kupanga watu. Hata matumizi ya mbwa muulizeni yeye kwanza. Najua mara nyingine mnasubiri siku kadhaa huku shamba linaliwa, na hilo linauma. Hata hivyo gobole la kuazima, lililojazwa baruti kwa kukisia, limewapasukia watu usoni.

Hatua ya 3: Msako wa mchana, watu wakiwa wamepangwa

Usiku msiende. Gizani tochi inaonyesha kivuli tu, na kivuli hakisemi kama ni nguruwe, mbwa wa jirani au mtoto aliyetoka kwenye dungu, kibanda cha kulindia shamba, kujisaidia.

Asubuhi, jua likishapanda, hesabuni watu kwa majina. Awepo kiongozi mmoja tu na neno lake lisipingwe. Waswagaji, yaani wanaomtimua nguruwe kichakani, wavae nguo zinazoonekana kwa mbali, fulana nyekundu au njano, au wajifunge kanga ya rangi kali begani. Wasogee kwa mstari mmoja wakipiga makelele na madebe mfululizo, maana nguruwe anayewasikia mapema huondoka mapema. Nguruwe anayeshtukizwa hatua tatu mbele yako ndiye anayekuvamia. Mwenye silaha asimame upande anakotokea mnyama, mgongo wake ukiwa salama, na asilenge kamwe kuelekea kwenye mstari wa waswagaji. Asipoona mwili wote wa mnyama na kilichoko nyuma yake, asifyatue. Kichaka kinachotikisika si nguruwe mpaka umwone.

Acheni njia moja wazi ya kutorokea. Mnyama aliyezingirwa pande zote atapita juu ya mtu. Pombe isinywewe kabla, na mlevi abaki nyumbani hata akiwa ndiye mpiga mkuki hodari kijijini.

Hatua ya 4: Aliyejeruhiwa

Hapa naomba msome polepole.

Nguruwe akipigwa na asianguke, kila mtu hutaka kukimbilia damu ikiwa bado mbichi. Ndipo watu wanapochanwa. Aliyejeruhiwa hakimbii mpaka mwisho. Mara nyingi huingia kichaka cha kwanza kizito, hugeuka, hukaa kimya akitazama njia aliyopita, na wewe unakuja umeinama ukitafuta matone ya damu, uso wako ukiwa kwenye kimo cha chonge zake.

Kwa hiyo simameni mlipo. Wekeni alama mahali alipopigwa. Subirini, nusu saa ni kidogo, saa nzima ni bora. Kisha wamfuate wachache, wawili au watatu, mwenye silaha akiwa mbele na mwenzake akitazama pembeni, wengine wabaki nje ya kichaka. Kila mmoja awe ameshaona mti wa kupanda au kichuguu cha kujikinga nacho. Damu ikiingia kwenye matete au kichaka ambacho huoni mbele hatua tano, msiingie. Mwiteni askari wa wanyamapori. Mkimwona amelala, msimkaribie upande wa kichwa. Mguseni mgongoni kwa mti mrefu kwanza.

Akikujia na huna mti, usimpe mgongo ukimbie kwenye njia yake. Ruka pembeni dakika ya mwisho, au weka kitu chochote kati yenu, hata kikapu. Ukianguka, lala kifudifudi, bana mapaja, funika shingo kwa mikono.

Hatua ya 5: Simba yumo katika hesabu

Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, akiwemo Dennis Ikanda wa TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, walichapisha katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Mikoa ya kusini ndiyo iliyoumia sana. Walichogundua kinatuhusu sisi moja kwa moja: mashambulizi yalikuwa mengi pale ambapo swala na pundamilia wamekwisha na nguruwe pori wamebaki wengi, na yaliongezeka msimu wa mavuno. Nguruwe anafuata mazao, simba anamfuata nguruwe, na kati yao amelala mkulima kwenye dungu la miti na nyasi.

Basi kabla ya msako wowote, kagueni nyayo. Mkiona unyayo wa simba juu ya nyayo za nguruwe, msako umeahirishwa na taarifa inakwenda wilayani siku hiyohiyo. Dungu liwe juu, lenye sakafu imara na mlango unaofungwa, na walale humo wasiopungua watu wawili. Ngazi ivutwe juu. Chombo cha kujisaidia kiwemo ndani, kwa sababu safari ya kushuka gizani imeshagharimu maisha. Watoto wasipelekwe kulinda usiku. Hili nalisema kwa uchungu kwa kuwa bado linafanyika.

Hatua ya 6: Mtu akichanwa

Damu kwanza. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kwa nguvu zote, bila kufunguafungua kutazama. Damu ya paja ikiruka kwa mapigo na haizuiliki, funga kitambaa kipana kati ya jeraha na kinena, si juu ya jeraha lenyewe, kaza kwa kijiti, kumbuka saa uliyofunga, na asikifungue mtu mpaka hospitali. Usitumie waya wala kamba nyembamba. Jeraha lisilovuja sana lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Tope, majani yaliyotafunwa na mafuta ya taa visiguse pale. Hata tundu dogo linahitaji daktari: chonge huingiza uchafu ndani kabisa, na chanjo ya pepopunda ni lazima. Mwelezeni pia kwamba ni mnyama wa porini, apime haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Pikipiki ya kubebea majeruhi iwe imejulikana kabla hamjatoka kijijini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkulima, Liwale: Mwalimu, tukisubiri saa nzima si atapotea kabisa?

Anaweza kupotea, ndugu yangu. Mara nyingi hukutwa amekufa si mbali, kwa kuwa hakusukumwa. Na akipotea, umepoteza nguruwe.

Mama shamba, Kilwa: Sina mume wala kijana wa kuwinda. Nafanyaje na mihogo yangu?

Shikamoo mama. Wewe ndiye niliyekuwa nakufikiria, maana kinga ni bora kuliko msako. Fyeka kichaka kinachopakana na shamba, nguruwe hapendi kuvuka mahali peupe. Ombeni majirani mlime mashamba yaliyoungana, ili mzunguko mmoja wa uzio au mtaro uwatoshe wote. Uzio uzikwe chini kiasi, kwani yeye hufukua. Mihogo iliyo tayari ing'oe mapema uikaushe, usiifanye ghala ardhini.

Kijana, Rufiji: Watu wanaweka dawa ya wadudu kwenye viazi, nguruwe wanakufa bila mtu kuumia. Kuna ubaya gani?

Ubaya ni mkubwa. Tai, mbwa na fisi watakula mzoga na kufa, mvua itapeleka sumu kisimani, na kuna mtu atamkuta nguruwe amekufa, atamchinja na kuuza nyama. Ni kosa kisheria na ni kuua watu usiowaona.

Mfugaji, Songea: Nyama yake ina shida? Sisi tunakula.

Iliyopatikana kihalali, ipike mpaka ndani kabisa isibaki wekundu. Kuna minyoo ya trikinela, haionekani kwa macho, na moshi au jua haviiui kwa uhakika. Mwaka 1961 madaktari Kenya waliripoti watu waliougua baada ya kula nguruwe pori. Anayechuna avae glavu na asiwe na kidonda mkononi. Mnyama uliyemkuta amekufa usimguse, inaweza kuwa kimeta. Na wewe mfugaji, kubwa zaidi: nguruwe pori hubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila yeye kuugua. Binadamu haimpati, lakini haina tiba, na mabaki ukiwapa nguruwe wa bandani unaweza kufunga banda. Fukia kila kitu, osha viatu na kisu.

Mwanachama, Lindi: Sisi Waislamu hatumli. Tunaruhusiwa kushiriki msako?

Ya dini mwulize sheikh wako, kuhusu kumgusa na namna ya kujitwaharisha. Kwa upande wangu, kuswaga kwa madebe hakukulazimishi kumgusa mnyama. Mkubaliane mapema nani atashughulikia mzoga, usiachwe shambani ukavuta fisi na simba.

Mwanachama, Taita: Na huku Kenya?

Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Usipange msako. Toa taarifa kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na hatua za uzio, kufyeka na kulinda kwa zamu zinakufaa vilevile.

Mkulima, Liwale: Mbwa wangu alichanwa tumbo mwaka jana. Nimfunge mwingine kengele?

Kengele inasaidia mwenye silaha kujua mbwa yuko wapi, lakini hailindi tumbo lake. Mbwa akibweka mahali pamoja kichakani, usikimbilie kumwokoa. Mwite kwa sauti mkiwa nje, na kama hatoki, wewe usiingie.