Somo: Kabla hujamfukuza keshia kwa shoti, hesabu vichwa kwanza

Wakuu habari zenu. Leo naleta somo ambalo mimi mwenyewe nimelilipia, ni kuhusu uwezekano na risk pale unapoajiri au unapotaka kumuachisha mtu kazi, na mfano nautoa kwenye uwakala wa pesa za simu maana ndo kazi yangu, nina kaunta tatu hapa Mwanza. Miaka kadhaa nyuma nilimuachisha dada mmoja wa kaunta ya stendi Nyegezi, shoti (yaani pesa inapungua ukifunga hesabu) miezi miwili mfululizo, nikasema huyu anakula tu, na mshahara wa mwisho nikamkata. Nikaweka mwingine, shoti. Nikamhamishia pale kijana wangu wa kaunta ya mjini ambaye namuamini kabisa, naye shoti. Hapo ndo nikakaa chini na kalamu.

Hatua ya 1: asilimia weka pembeni, hesabu vichwa

Chukua makeshia 100. Tuseme 5 kati yao ni wadokozi (namba za mfano hizi, wewe weka zako kutokana na watu uliowahi kuwa nao). Sasa angalia shoti ya zaidi ya elfu kumi kwa mwezi. Kwa wale wadokozi 5, tuseme 4 watakuwa nayo. Kwa waaminifu 95, tuseme mmoja kati ya kila watano atakuwa nayo, maana kuna aliyetuma laki badala ya elfu kumi, aliyekosea namba, aliyepokea noti feki, aliyerudisha chenji zaidi foleni imejaa. Hao ni 19. Jumla wenye shoti ni 23 na wadokozi humo ni 4 tu!! Yaani ukifukuza kila mwenye shoti umewaonea watu 19 ili uwapate 4.

Tunapokwama wengi ni hapa, tunajua mdokozi lazima awe na shoti, basi tukiona shoti tunageuza tunasema huyu ni mdokozi, wakati hayo ni maswali mawili tofauti kabisa na majibu yake hayafanani hata kidogo. Mchungaji mmoja wa Uingereza, Thomas Bayes, aliandika hesabu za kugeuza hivi na zikachapishwa 1763, yeye keshafariki miaka miwili kabla. Fomula yake huihitaji, vichwa 100 na kalamu vinatosha.

Hatua ya 2: dalili ya pili itoke sehemu nyingine

Mimi shoti ya mwezi wa pili niliihesabu kama ushahidi mpya. Kama miezi ingekuwa inajitegemea ningekuwa na hoja kidogo, kwenye wale 4 wangebaki kama 3 na kwenye wale 19 wangebaki kama 4, na bado hapo wadokozi hawafiki hata nusu. Lakini haijitegemei. Kaunta ya stendi jioni mabasi yanaingia, watu wamekukalia shingoni, mtandao unasumbua, meseji ya muamala inachelewa unadhani haijaenda unatuma tena. Shoti ya mwezi wa kwanza na ya pili zimezaliwa na mama mmoja, kwa hiyo sikuwa na dalili mbili, nilikuwa na ile ile moja nimeiona mara mbili.

Dawa yake ni kuzungusha watu, wiki mbili mbili. Shoti ikimfuata mtu, mtazame mtu. Ikibaki kwenye kaunta, rekebisha kaunta.

Halafu andika na ziada, hili naliomba sana. Anayekosea anakosea pande zote, leo kapungukiwa elfu nane kesho kazidisha elfu tano na anakwambia. Mwenye shoti tupu mwezi mzima bila ziada hata siku moja, huyo ndo wa kumfuatilia, bado siyo wa kumhukumu.

Hatua ya 3: zidisha na hasara

Mtu mpya unampa floti (pesa ya kufanyia miamala) ya milioni 3. Kwa mfano wetu 5 kati ya 100, ukizidisha unapata hasara ya wastani ya laki na nusu kwa kila unayemuajiri. Ukimpa laki tano kwanza inakuwa elfu ishirini na tano. Ila wastani usikulaze usingizi, maana siku mtu akikimbia na floti hupotezi laki na nusu, unapoteza milioni 3 zote, na kama ndo mtaji wenyewe umefunga. Swali la kwanza kabla ya hesabu yoyote: ikitokea leo, kesho nitafungua? Kama jibu ni hapana punguza floti, hata kama mtu ana sura ya malaika.

Hatua ya 4: usaili

Maneno mazuri hayahesabu noti. Mpe bunda ambalo noti mbili zimepungua na daftari lenye makosa matano, saa moja, umlipe hiyo saa. Wote waulize maswali yale yale, na kila mtu mpe maksi zake kabla hujaanza kumlinganisha na mwenzake.

MASWALI

Mdau wa Kahama: Mkuu, je nikimchukua mtoto wa ndugu risk si inapungua?
Jibu: Uwezekano wa kukimbia na floti unaweza kupungua kaka, ila hasara inakua, maana likitokea unapoteza hela na ukoo unagawanyika, na kumwambia funga hesabu mbele yangu unaona aibu. Zidisha vyote viwili.

Dada wa Tabora: Nina kijana wa bodaboda, miezi mitatu hajagusa mtu, nimpe bajaji mpya?
Jibu: Dada yangu, chukua madereva 100 ambao kila mwezi mmoja kati ya watano hupata ajali. Mwezi wa kwanza wanabaki 80 wasafi, wa pili 64, wa tatu 51. Nusu nzima ya madereva wabaya wanafikisha miezi mitatu safi. Wakifika miezi 12 wanabaki kama 7. Subiri kidogo.

Mdau wa Nairobi: Huku kuna watu wanauza huduma ya mashine ya kupima uongo kwa wafanyakazi, inafaa?
Jibu: Akademia ya sayansi ya Marekani ilipiga hesabu kwenye ripoti ya 2003, wafanyakazi 10,000 ndani yake majasusi 10. Ukitaka mashine ikamate 8 kati ya hao 10, wasio na hatia karibu 1,600 nao wanaonekana waongo. Ni hesabu ile ile ya shoti. Na Marekani hao hao tangu sheria ya 1988 waajiri binafsi wengi wamekatazwa kuitumia.

Mdau wa Kahama: Na yule dada wa stendi?
Jibu: Nilifungua daftari la zamani, nikakuta siku tatu alileta ziada mwenyewe, moja elfu arobaini, na mimi niliandika kwa mkono wangu. Nilimtafuta, nikamuomba msamaha mbele ya mama yake na nikamrudishia nilichomkata. Kazini hakurudi, alikuwa keshafungua genge lake.