Kabla hujajaza PCM (tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati ya kidato cha tano), jipime kwa swali hili
Funga daftari, jipe dakika 10. Mpira umerushwa kwa 20 m/s, nyuzi 30 juu ya usawa wa ardhi; utaangukia umbali gani, ukichukua g = 10 m/s²? Kasi ya wima ni 20 × sini 30 = 10 m/s, kwa hiyo unakaa hewani sekunde 2. Kasi ya mlalo ni 20 × kosaini 30, kama 17.3 m/s, jibu kama mita 34.6. Ukikwama kwenye sini na kosaini, kinachokusumbua ni hesabu, si fizikia: likizo hii piga trigonometria na kuhamisha herufi kwenye fomula, maana fizikia ya kidato cha tano inaanza humo humo. Ukishindwa kutenganisha wima na mlalo, rudia vekta. Aliyekariri fomula ya masafa (umbali ambao mpira unaangukia) atapata jibu bila kuelewa kitu. Huyo arushe mpira uleule kutoka juu ya ghorofa la mita 15. Akipata sekunde 3 za kukaa hewani, sawa. Kwa vitendo vya maabara, swali hili halikuambii chochote.